Maji, Mgomba na Neno "Kuoza": Istilahi za Kumwagilia Migomba na Kuzuia Uozo wa Mizizi

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha, maandishi ya kilimo hutupa shida kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi. Tafsiri ya hati ya sheria ikikosewa, kuna wakili wa kuipinga. Tafsiri ya kitabu cha hesabu ikikosewa, kuna mwalimu wa kuisahihisha darasani. Lakini kijitabu cha mkulima husomwa shambani, na msomaji wake hutenda lile alilolielewa. Kosa la mfasiri hugeuka kuwa shimo lililochimbwa, maji yaliyomwagwa, au mgomba uliokufa.

Wakati fulani tuliletewa kijikaratasi cha maelekezo juu ya kumwagilia migomba, kilichofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Sarufi yake haikuwa na dosari. Katikati yake palikuwa na sentensi hii: "Mgomba ukinyauka uongezewe maji, mizizi ikioza maji yapunguzwe." Tulikuwa karibu kukipitisha. Kwa bahati njema tulimpa bwana shamba mmoja akisome, naye akatuuliza swali moja tu: "Na mgomba ulionyauka kwa sababu mizizi yake imeoza, ndugu zangu, tuufanyeje?" Hatukuwa na jibu, na kijikaratasi kile hakikuwa nalo pia.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza maneno yanayotumika katika jambo hili, kuonyesha mahali yanapogongana, na kupendekeza yatengwe vipi. Hatudai kumfundisha mkulima wa Kagera, Kilimanjaro au Rungwe namna ya kutunza migomba, kwa kuwa ujuzi wake umetangulia kalamu zetu. Tunawaandikia wale wanaosimama kati ya mtaalamu na mkulima, yaani wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Sehemu za mgomba

Hatuwezi kuzungumzia maji kabla ya kujua yanakwenda wapi. Neno linalotatiza hapa ni "shina", kwa sababu katika maandishi ya migomba limebebeshwa maana tatu.

Kwanza, huitwa shina ile sehemu ndefu inayosimama juu ya ardhi. Kwa kweli hilo si shina. Ni ala za majani zilizofumbatana, na ukizibandua moja moja utafika katikati bila kukuta mti. Pili, huitwa shina ile sehemu nene iliyo chini ya udongo, inayotoa mizizi na machipukizi. Hilo ndilo shina halisi la mgomba. Wengine huliandika "kiazi" na wengine "tunguu". Tatu, wakulima husema "shina moja la migomba" wakiwa na maana ya migomba yote iliyotoka mahali pamoja: mama, mtoto na mjukuu.

Tuchukue sentensi "kila shina lipewe lita mia mbili kwa wiki." Mwandishi amekusudia mama, mtoto na mjukuu kwa pamoja. Msomaji akiielewa kuwa ni kila mgomba uliosimama, atatia maji mara tatu ya yaliyokusudiwa. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosea hesabu. Neno moja ndilo lililofanya kazi ya maneno matatu.

Tunapendekeza sehemu ya juu iitwe "shina bandia", sehemu ya chini iitwe "tunguu", na migomba ya mahali pamoja iitwe "kundi la migomba". Tumechagua "tunguu" badala ya "kiazi" kwa kuwa kiazi kwa msomaji wa kawaida ni kitu cha kuliwa. Katika mazungumzo na wakulima hakuna haja ya kuwakataza kusema "shina"; lakini penye kipimo au penye dawa, mwandishi hana budi kutenga.

Kuhusu mizizi yenyewe, inafaa mfasiri ajue mambo mawili. Mizizi ya mgomba ni minene kama kamba, nayo inapokuwa mizima na michanga huwa myeupe. Tena haiendi chini sana: sehemu yake kubwa hukaa katika sentimita 40 za juu za udongo. Ndiyo maana mgomba huona kiu upesi, na ndiyo maana pia hudhurika upesi maji yanapojaa.

Kumwagilia na kiasi cha maji

Katika Tanzania tumezoea "kumwagilia" na "umwagiliaji". Wenzetu wa Kenya aghalabu huandika "kunyunyizia" na "unyunyizaji". Maneno yote mawili yanaeleweka, ila kila moja lina picha yake. Kumwagilia kunatokana na kumwaga, na anayesikia neno hilo huona ndoo iliyoelekezwa mahali pamoja. Kunyunyizia kunaleta picha ya matone yanayotawanyika. Katika mteremko wa Kilimanjaro picha ni nyingine kabisa: maji huteremka kutoka mlimani kwa mfongo, kisha huelekezwa kihambani yakapita kati ya migomba. Kwa hiyo, palipo na njia maalumu ya kutia maji, njia hiyo itajwe: kwa ndoo, kwa mfereji, kwa kunyunyiza au kwa matone.

Kosa kubwa zaidi limo katika kipimo. Vitabu vingi vya nje husema mgomba unahitaji inchi moja ya maji kwa wiki, yaani takriban milimita 25. Tumeona sentensi hiyo ikifasiriwa neno kwa neno: "Mgomba upewe inchi moja ya maji kila wiki." Mkulima ataelewa nini? Huenda akalowanisha udongo mpaka inchi moja kwenda chini, na mizizi isionje kitu. Huenda akachimba kisahani kuzunguka mgomba na kukijaza maji ya kina cha inchi moja, akaridhika.

Kipimo hicho ni cha mvua. Maana yake ni kina cha maji ambacho kingesimama juu ya ardhi yote ya shamba kama yasingepenya wala kutiririka. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo, kama makundi ya migomba yamepandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, kila kundi lina mita 9 za mraba. Mara 25 ni lita 225 kwa wiki, sawa na madebe zaidi kidogo ya 11 ya lita 20. Kiasi hicho kinajumlisha mvua. Wiki iliyonyesha milimita 25 haihitaji hata debe moja.

Mfasiri anayeandika "madebe 11 kwa kila kundi la migomba kwa wiki, mvua ikiwa haikunyesha, yatiwe kwa mara mbili au tatu na kuenezwa kuzunguka kundi" ameyaacha maneno ya asili, lakini amefikisha maana yake. Hatuna budi kuongeza kwamba kiasi hicho ni cha kuanzia tu. Mche mchanga unahitaji pungufu. Udongo wa kichanga hutaka maji kidogo kidogo na mara kwa mara, ilhali udongo wa mfinyanzi hutaka nafasi ndefu zaidi kati ya siku moja ya kutia maji na nyingine.

Tungependa pia kuwaomba wafasiri waliogope fungu la maneno "maji ya kutosha". Halina kosa la lugha, lakini halimwambii mtu lolote. Kama mwandishi wa asili hakutaja kiasi, na kieleweke kipimo cha mkono: chimba kina cha kiganja, chukua udongo, uukamue. Ukishikana bila kutoa maji, unyevu unafaa. Ukitoa maji, usitie mengine.

Unyevu, chepechepe na kutuama

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kupanga hali za maji udongoni, na hakuna haja ya kukopa. Udongo waweza kuwa mkavu, kuwa na unyevu, kuwa chepechepe, au kuwa na maji yaliyotuama. Ngazi hizi nne zinatosha kwa kazi ya ugani, mradi tusizichanganye. Tumeona kitabu kimoja kikitumia "unyevu" kwa ngazi ya pili, ya tatu na ya nne, hata ikaonekana kwamba unyevu unahitajika katika ukurasa mmoja na unaua katika ukurasa unaofuata.

Kwa nini maji yaliyotuama yadhuru mgomba, nao ni mmea upendao maji? Mizizi huvuta hewa. Katika udongo mzuri kuna vinafasi vidogo kati ya chembe, vingine vikiwa na maji na vingine vikiwa na hewa. Maji yakituama, vinafasi vyote hujaa na hewa hutoka. Mizizi ya mgomba hustahimili hali hiyo kwa siku chache tu. Kisha huanza kufa, na kilichokufa huvamiwa na vijidudu vya kuozesha. Kwa hiyo katika hali hii kufa hutangulia, kuoza hufuata. Mwandishi anayesema "maji huozesha mizizi" hajakosea sana, lakini amekata kiungo cha katikati, ambacho ni hewa. Mkulima asiyejua habari ya hewa hataona sababu ya kuchimba mtaro.

Hapa tunakutana na mgongano mwingine. "Mfereji" hutumika kwa njia ya kuleta maji na kwa njia ya kuyaondoa. Agizo la "kuchimba mifereji shambani" laweza kutekelezwa kinyume kabisa cha makusudio. Tunapendekeza "mfereji" ubaki kwa maji yanayoingia, na "mtaro" utumike kwa maji yanayotoka. Neno "mfongo" nalo linastahili kupokewa, maana linataja kitu mahsusi ambacho Kiswahili hakikuwa na jina lake. Kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndiyo njia tuliyoizoea katika kazi ya istilahi.

Kunyauka na kuoza

Sasa turudi kwenye swali la bwana shamba. Kunyauka ni dalili. Si ugonjwa wala si sababu. Jani hunyauka kwa kuwa maji hayalifikii, na maji yaweza kukosa kulifikia kwa njia mbili: ama hayamo udongoni, ama yamo lakini mizizi au mishipa haiyapandishi. Mgomba wenye kiu hukunja majani wakati wa jua kali, na udongo wake ni mkavu kina cha kiganja. Mgomba uliooza mizizi hunyauka vilevile, lakini udongo wake umelowa. Kumwongezea maji wa pili kwa kumdhania kuwa ni wa kwanza ndiko kunakoumaliza. Kwa hiyo kila maelekezo yanayotaja kunyauka yanapaswa kumtuma mkulima kwenye udongo na mizizi kabla ya kumtuma kisimani.

Hata "kuoza mizizi" si jambo moja. Tumeona hali tano zikiwekwa chini ya jina hilo.

Ya kwanza ni ile tuliyoieleza, ya mizizi kukosa hewa. Mizizi huwa myeusi na laini, na gamba lake huvuka kwa urahisi likavuliwa kwa vidole. Dawa yake ni kuondoa maji.

Ya pili inatokana na minyoo ya mizizi, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Ukipasua mzizi kwa urefu utaona mabaka ya hudhurungi nyekundu, na mgomba wenye mkungu huanguka na kung'oka pamoja na mizizi yake mifupi iliyokatika. Vijitabu vingine huwaita minyoo wote hawa "minyoo fundo". Hilo ni kosa. Minyoo fundo ni wale wanaofanya mizizi kuvimba mafundo. Wale wanaoozesha mizizi ya migomba zaidi hawafanyi fundo lolote. Mkulima akiambiwa atafute mafundo, asiyaone, atadhani shamba lake ni salama.

Ya tatu ni kazi ya bungua wa migomba. Mdudu huyu hutaga karibu na tunguu, na mabuu wake hulitoboa. Kinachooza ni tunguu, si mizizi.

Ya nne ni mnyauko wa fuzari, ambao wengi huuita ugonjwa wa Panama. Jina hilo limetokana na nchi ya Panama, ambako ugonjwa huu uliharibu mashamba makubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Husababishwa na kuvu wa udongoni anayeingia kwa mizizi na kuziba mishipa. Majani ya chini hugeuka manjano, huvunjika na kuning'inia. Shina bandia likikatwa, huonekana mistari ya hudhurungi. Kuvu huyu hudumu udongoni miaka mingi sana.

Ya tano ni mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kuingia Kagera, ambako watu huuita unyanjano. Dalili zake ni utomvu wa manjano unaotoka mahali palipokatwa na ndizi kuiva kabla ya wakati, ndani zikiwa zimeharibika. Huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na zaidi kwa panga na visu vya wakulima.

Msomaji ataona mara moja uzito wa kutenga. Hali ya kwanza haiambukizi. Mgomba jirani kwenye kiinuko hauna hatari. Hali ya nne huambukiza, na vimelea vyake husafiri pamoja na udongo, vipando na maji yatiririkayo. Mfongo unaopita katika shamba lenye ugonjwa na kuingia kwa jirani huweza kumpelekea maradhi. Mtumishi anayejaza fomu na kuandika "mizizi imeoza kwa maji mengi" penye mnyauko wa fuzari hakukosea istilahi tu. Ameruhusu vipando vya shamba hilo vigawiwe kijijini.

Maneno ya kinga

Katika sehemu ya kinga tutataja mambo matatu tu, ambayo lugha ndiyo iliyoyatatanisha.

La kwanza ni matandazo. Wahaya huleta nyasi kutoka rweya na kuzitandaza kibanjani. Udongo huhifadhi unyevu na mahitaji ya kumwagilia hupungua. Lakini agizo la "kufunika shina kwa nyasi" hulifanya jambo jema kuwa baya. Nyasi zilizorundikwa kuzunguka tunguu huliweka katika hali ya chepechepe na kumpa bungua maficho. Iandikwe: "matandazo yatandazwe kati ya makundi, yasigusane na shina bandia."

La pili ni kusafisha vipando. Chipukizi hutolewa kwenye kundi lisilo na ugonjwa, mizizi yake hukatwa, na tunguu humenywa mpaka libaki jeupe. Kisha hutiwa katika maji ya moto, na hapa kuna njia mbili. Njia moja ni maji ya kiasi cha nyuzi 52 hadi 55 za sentigredi kwa dakika 20. Nyingine ni maji yanayochemka kwa sekunde 30. Mfasiri akiandika "maji ya moto" kwa zote mbili, mkulima aweza kuchukua maji ya njia moja na muda wa njia nyingine, akapika vipando vyake vyote. Na isemwe wazi kwamba njia hizi hupunguza minyoo na bungua. Hazimponyi mgomba wenye mnyauko.

La tatu ni usafi wa zana. "Kusafisha panga" kwa watu wengi ni kulifuta au kuliosha kwa maji. Kinachotakiwa ni kuua vimelea, kwa kulipitisha panga katika moto au kwa dawa yenye klorini. Tunapendekeza "kutakasa zana" kwa maana hiyo, na "kusafisha" libaki na maana yake ya kila siku.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaletea wasomaji istilahi hizi wazipime:

1. Shina bandia: ala za majani zilizofumbatana na kusimama juu ya ardhi.
2. Tunguu: shina halisi la mgomba lililo chini ya udongo.
3. Kundi la migomba: migomba yote itokayo mahali pamoja.
4. Mfereji: njia ya kuingiza maji shambani.
5. Mtaro: njia ya kuondoa maji shambani.
6. Maji tuamifu: maji yaliyosimama udongoni au juu yake bila kupenya.
7. Uozo wa mizizi: kuharibika kwa mizizi kwa kukosa hewa au kwa minyoo, sababu itajwe daima.
8. Uozo wa tunguu: kuharibika kwa tunguu, hasa kwa kutobolewa na bungua.
9. Minyoo ya mizizi: jina la jumla, "minyoo fundo" ni aina yake moja.
10. Mnyauko: jina la ugonjwa unaoziba mishipa, likifuatwa na kisababishi, kama vile mnyauko wa fuzari na mnyauko wa bakteria. "Kunyauka" libaki kuwa dalili.
11. Kutakasa zana: kuua vimelea katika panga, jembe au kisu.

Hitimisho

Kijikaratasi kile tulikirudisha kwa wenyewe. Sentensi iliyotukwamisha iliandikwa upya hivi: "Ukiona mgomba umenyauka, chimba kwanza kina cha kiganja. Udongo ukiwa mkavu, tia maji. Udongo ukiwa umelowa, usitie maji. Fukua mzizi mmoja uutazame, kisha umwite bwana shamba." Ni ndefu kuliko ile ya awali, na mwenye kupiga chapa alilalamika juu ya nafasi. Tulimshauri apunguze ukubwa wa picha.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu na maafisa ugani walioko Bukoba, Moshi, Tukuyu na kwingineko kulimwako migomba, watuletee maneno wanayoyasikia kwa wakulima kuhusu tunguu, mizizi na maji. Huenda neno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza linatumika kihambani au kibanjani hivi sasa, nasi hatujalisikia. Likiletwa, tutaliweka mahali pake bila kusita.